Swali la Mshika Kamba

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu na atukutanishe nao katika kheri, kwamba katika nchi za milima na jangwa, upande wa Khurasani, palikuwa na mji uitwao Sarwan, na katika mji huo aliishi mjane mcha Mungu, jina lake Durra binti Salti. Kazi yake ilikuwa kuoka mikate. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akakanda unga huku akimtaja Mola wake, na watu wa mtaa walisema mkate wake una ladha isiyopatikana kwingine kwa sababu ya ile dhikri. Yeye mwenyewe alisema ni chumvi.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa kiangazi, ardhi ilitetemeka. Mjini Sarwan zilipasuka kuta chache, na mnara wa msikiti ukainama kidogo kama mzee anayesikiliza. Lakini kijiji cha Zira, kilichokuwa chini ya mlima, kiliporomoka chote.

Watu wa Zira walikuwa wachimbaji wa mifereji ya chini kwa chini. Kazi yao ilikuwa kuyafuata maji ndani ya tumbo la mlima na kuyaleta gizani, mbali na jua, mpaka kwenye bustani za watu. Walishuka kwa kamba kwenye visima virefu, wakachimba wakiwa wamepiga magoti, na kila mmoja alivaa nguo nyeupe awapo kazini, ili akifia humo awe amekwisha kuvaa sanda yake. Asubuhi ile ya tetemeko baadhi yao walikuwa juu na baadhi walikuwa chini. Waliokuwa juu ndio waliofika Sarwan, pamoja na wake zao na watoto wao, vumbi likiwa bado kwenye nyusi zao. Imamu akawafungulia ua wa msikiti, wakalala hapo chini ya vitambaa vilivyofungwa kwenye nguzo.

Siku ya kwanza Bi Durra aliwapelekea mikate. Siku ya pili aliwapelekea tena, na mwanamke mmoja wa Zira alipokipokea kipande chake alimwambia, "Mungu akulipe, Bibi. Lakini mume wangu anaona haya kula mkate asioutolea jasho."

Maneno hayo yalimwingia Bi Durra. Kuanzia siku hiyo akawa na kazi mbili. Asubuhi aliuza mikate, na baada ya sala ya adhuhuri alijifunga ushungi wake, akaweka mikate ya moto kwenye kikapu, akazunguka sokoni kuwatafutia watu wa Zira kazi. Hakuwa na cheo wala jamaa wakubwa. Alikuwa na kikapu tu, na alijua kwamba mtu mwenye mkate wa moto mdomoni hawezi kusema hapana kwa sauti kubwa.

"Bi Durra," alimtania Nadhiri, mfua shaba, mtu aliyependa mzaha kuliko chakula, "leo unatuuzia nini? Mkate au binadamu?"

"Mkate nauza," akajibu. "Binadamu nakupa bure, ila umlipe yeye. Unahitaji mtu wa kuvukuta mifuo ya moto wako?"

"Ninaye."

"Unaye mmoja, naye anasinzia. Nimemwona."

Nadhiri akacheka, na mchimbaji mmoja akapata kazi ya kuvukuta. Mwingine akapelekwa kwa wafyatua matofali. Wawili wakaingia kwenye hamamu, nyumba ya kuogea, kuchochea moto na kubeba maji. Wanawake watatu wakapokewa kwa wasokotaji wa sufu. Kila jioni Bi Durra alirudi na kikapu kitupu na miguu iliyovimba, akisema, "Alhamdulillahi, leo nyumba moja itakula." Lakini waliobaki walikuwa wengi kuliko waliopata, na upepo wa mlimani ulikuwa umeanza kuja na baridi.

Miongoni mwa waliobaki alikuwamo Mihran, fundi mkubwa wa Zira, ambaye wenzake wote walimfuata kazini. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye maneno machache. Kila alipofika kwa Bi Durra kuchukua mikate ya watoto hakuingia ndani. Alisimama nje ya mlango, hata mvua ikinyesha, akaupokea mkate wake mwenyewe kwa mikono miwili na kuula hapo hapo barazani, chini ya anga tupu. Bi Durra alipendezwa naye sana. Aliwaambia majirani, "Mwaona adabu ya yule kijana? Hakanyagi nyumba ya mjane."

Basi ikawa siku moja Bwana Hushaym alimwita Bi Durra. Huyu Hushaym alikuwa tajiri mwenye bustani za makomamanga nje ya mji, na mfereji uliozinywesha bustani hizo ulizibwa na lile tetemeko. Miti ilikuwa imeanza kukunja majani.

"Nasikia wewe ndiye mwenye watu wa Zira," akasema.

"Mwenyewe ni Mungu, bwana. Mimi nawatembeza tu."

"Nina khani yangu tupu, ile nyumba ya wasafiri ya lango la kusini. Ina vyumba vya kuwatosha wote, na vina milango na meko. Wakinifungulia mfereji wangu watakaa humo majira yote ya baridi, na kila mwanamume atapata ujira wake. Ila nina sharti moja. Fundi Mihran atangulie kushuka. Wengine siwajui. Ijumaa baada ya sala nataka nimwone kwa macho yangu anaingia kisimani."

Bi Durra hakutembea kurudi msikitini. Alikimbia, na umri wake ule. Alipowapa habari, wanawake walipiga vigelegele mpaka imamu akatoka kuuliza kuna nini. Watoto walianza kugombania chumba ambacho hawajakiona. Mihran aliinuka, akasema, "Inshallah," kwa sauti ndogo, kisha akatoka kwenda kunawa uso kwenye birika la ua. Akanawa kwa muda mrefu. Bi Durra alimwona, na hakuwaza neno, kwa kuwa furaha ilimjaa masikioni.

Ijumaa ikafika. Watu walimiminika kwenye kile kisima nje ya mji, wengine kwa shida yao, wengine kwa kutazama tu. Mihran alikuwa amevaa nguo zake nyeupe. Kamba ilizungushwa kwenye nguzo nene ya mbao, ncha moja ikafungwa kiunoni mwake, na ncha ya pili ikalala chini. Watu wa Zira walikuwa wakiitazama ile ncha ya pili, na hapana aliyeinama kuiokota.

"Mnangoja nini?" akauliza Hushaym.

Mzee mmoja wa Zira akamjibu, "Bwana, kwetu anayeshika kamba si mtu yeyote tu. Ndiye anayemuuliza mchimbaji kabla hajashuka, 'Moyo wako umetulia?' Mchimbaji akisema umetulia, anashuka. Akisema haujatulia, anafunguliwa kamba na kwenda nyumbani, na hapana mtu wa kumcheka wala kumuuliza sababu. Mwenye moyo unaotikisika hupiga sururu ovyo, na dari humwangukia yeye na walio nyuma yake. Ndiyo desturi yetu tangu babu zetu. Na mshika kamba wa Mihran alikuwa nduguye, Farkadi."

"Yuko wapi?"

Mzee akainamisha kichwa. Aliyejibu ni Mihran mwenyewe, kwa ile sauti yake ndogo. "Nilikuwa chini siku ile. Ardhi ilipoanza kutikisika alinivuta. Alinivuta mpaka nikatoa kichwa nje. Ukingo ukameguka, mimi nikaangukia juu, yeye akaangukia ndani."

Kisha Mihran akamgeukia mwokaji. "Bibi, mikono yako ina nguvu. Tangu tumefika hapa wewe ndiye unayetushika. Nishikie na hii."

Bi Durra akakunja mikono ya kanzu yake. Mikono ile ilikuwa imekanda unga maisha yake yote, ilikuwa mipana kama ya mfua chuma. Akaiokota kamba, akaivuta mpaka ikakaza kati yake na kiuno cha Mihran, akasema, "Bismillahi. Mwanangu, moyo wako umetulia?"

"Umetulia, Bibi."

Sauti ilikuwa thabiti na uso ulikuwa mkavu. Lakini kamba iliyokuwa mkononi mwa Bi Durra ilikuwa ikitetemeka. Ilitetemeka mtetemeko mdogo, wa haraka, kama ndege aliyeshikwa kiganjani. Akatazama kama ni mikono yake mwenyewe, na haikuwa mikono yake. Akatazama kama kuna upepo, na upepo haukuwapo.

Hapo ndipo alipoiona baraza yake akilini. Alimwona Mihran amesimama kwenye mvua, mkate mikononi, mlango uko wazi na haingii. Akaelewa kwamba haikuwa adabu. Kijana yule tangu tetemeko hakuweza kupita chini ya dari. Na yeye, Durra, aliyekuwa akizunguka soko zima akimuuliza kila mtu unahitaji mikono mingapi, hakuwahi kumuuliza huyu neno moja juu ya moyo wake.

Wapenzi wasomaji, tuihurumie hali ya mama yule. Nyuma yake walisimama wanawake na watoto wao, na baridi ilikuwa njiani. Mbele yake alisimama tajiri mwenye vyumba. Mtu mwenyewe amesema kwa ulimi wake kwamba ametulia. Hapana jicho hata moja lililoona kamba inatetemeka, ila kiganja chake, na Mwenye kuona visivyoonekana. Angelegeza tu kidogo. Angejiambia kesho kwamba aliuliza na akajibiwa.

Akaifunga kamba kwenye nguzo. "Sikushushi," akasema.

"Bibi!" Mihran alinong'ona. "Nimesema umetulia."

"Ulimi wako umesema. Kamba inaniambia neno jingine, mwanangu, na mimi leo naisadiki kamba."

Hushaym akaghadhibika. "Bi Durra! Wewe ndiye uliyeniletea mtu huyu!"

"Mimi, bwana. Na mimi ndiye ninayekwambia hayuko tayari. Nilikosa. Nilikuahidi kabla sijamuuliza yeye."

"Basi na mimi natengua ahadi yangu. Kuna mafundi wengine duniani." Akapanda nyumbu wake akaenda zake, na vile vyumba vya khani vikaenda pamoja naye.

Mihran alikaa chini ukingoni, akajifunika uso kwa ile nguo nyeupe, akalia mbele ya watu. Bi Durra akakaa kando yake kwenye vumbi na kumshika bega. Hakumwambia nyamaza.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito kwake. Nadhiri mfua shaba, hata yeye, hakufanya mzaha. Mwanamke mmoja wa Zira, mtoto wake akikohoa mgongoni, alimwambia bila ukali, na kukosa ukali huko ndiko kulikomuumiza zaidi, "Ungefumba macho kidogo tu, Bibi. Kidogo tu." Bi Durra akarudi kwenye msala wake. Alirefusha sijda zake. Aliomba, "Ya Rabbi, kama nilisema kweli, usiiache kweli yangu iwalaze watoto hawa kwenye baridi. Na kama nilikosea, nifundishe." Kisha akainuka akakanda unga, kwa sababu watu walikuwa wanangoja kula.

Asubuhi moja akamwita Mihran. Akatoka yeye nje, hakumngoja aingie.

"Mwanangu, tanuri yangu moja haiwatoshi watu wote hawa. Nataka nyingine, ya kuchimbia chini, hapa uani, juani. Kwenda chini iishie hapa." Akagusa kiuno chake.

Mihran akaipima ardhi kwa macho. "Mpaka hapo tu?"

"Mpaka hapo. Na kamba nitashika."

"Bibi, shimo la kiuno halina kamba."

"Langu linayo."

Basi akamfunga kamba kiunoni, akakaa kwenye kigoda na ncha yake mkononi, akamuuliza lile swali, Mihran akaanza kuchimba. Alipofika magotini alisimama, uso umejaa jasho la baridi. Bi Durra akaihisi kamba inatetemeka. Hakumwambia jikaze, hakumwambia wewe ni fundi. Akasema, "Toka tule," wakala. Kesho yake wakaendelea. Habari zikafika sokoni, na watu wakaja kuchungulia juu ya ukuta.

"Bi Durra!" akapaza sauti Nadhiri, ulimi umemrudia. "Mshike vizuri huyo! Asije akatumbukia kwenye magoti yake mwenyewe!"

Watu wakaangua kicheko. Bi Durra aliinua kichwa amkemee, lakini kabla hajafungua kinywa akaihisi kamba inarukaruka kwa namna asiyoijua. Akageuka. Mihran alikuwa anacheka. Alikuwa amesimama shimoni, kiunoni kamili, kashika tumbo, anacheka mpaka machozi yanamtoka, na watu wa Zira waliokuwapo wakatazamana, maana hawakuwa wamekiona kicheko kile tangu kijiji chao kilipokuwa kijiji.

Tanuri ile ilitoka nzuri, na jirani akaitaka kama hiyo. Mwingine akataka shimo la kuhifadhia ngano kabla ya theluji. Kazi zikawa zinakuja moja moja, za juu juu, za juani, na Mihran akawagawia wenzake. Hazikuwatosha wote, wala hazikujenga nyumba, lakini zilitosha kununua mablanketi ya ua wa msikiti, na yule mtoto aliyekuwa akikohoa akapona, alhamdulillahi.

Kisha siku moja, mikate ikiwa inatoka motoni, Bi Durra alimwona Bwana Hushaym amesimama kwenye foleni kama mnunuzi mwingine yeyote, nyuma ya mtumishi wa hamamu. Zamu yake ilipofika hakununua kitu.

"Niliajiri mafundi kutoka miji miwili," akasema. "Kila mmoja niliyeletewa niliambiwa yuko tayari. Wakashuka, wakaona lile giza, wakapanda, wakaondoka bila hata kuaga. Miti yangu inakufa, Bi Durra. Nimekaa nikafikiri, katika watu wote waliokuja kwangu kuomba kazi, ni mmoja tu aliyewahi kuniambia kwamba mtu wake hayuko tayari. Sasa nimekuja kukuuliza, maana wewe nitakusadiki. Yuko tayari?"

Bi Durra akapangusa mikono. "Mimi sijui, bwana. Safari hii tumuulize mwenyewe."

Mihran alikuwa barazani. Alisikiliza mpaka mwisho, na hapana aliyemharakisha.

"Sitashuka, bwana," akasema. "Huenda nisishuke tena maisha yangu. Sitakudanganya. Lakini wako wenzangu ambao mioyo yao imerudi, nimewaona wakichimba. Wanachokosa ni mtu wa kuwashikia kamba. Hiyo naiweza. Nilimtazama ndugu yangu akiifanya miaka yote, na najua alivyoifanya."

Hushaym alimtazama, akamtazama na mwokaji. "Na kama kutakuwa na siku ambazo hapana hata mmoja atakayeshuka?"

"Zitakuwapo," akasema Mihran.

Tajiri akavuta pumzi. Kisha akatoa funguo za khani kwenye mkanda wake na kumpa Bi Durra mkononi. "Wahamie leo," akasema. "Upepo huu si wa kuwangojesha watoto mpaka maji yafike."

Asubuhi iliyofuata wakakusanyika tena kwenye kile kisima. Wa kwanza kufungwa kamba alikuwa Yasari, kijana hodari, baba wa mapacha. Mihran akaikaza kamba, akauliza, "Moyo wako umetulia?"

Yasari akatazama shimo, akamtazama tajiri, akameza mate. "Haujatulia, kaka."

Bwana Hushaym akafungua kinywa. Kisha, na hili wamelisimulia wote waliokuwapo, akakifunga. Mihran akamfungua kijana ile kamba, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto nguo zilizolowa, akampiga bega na kumwambia, "Nenda kawaone mapacha wako. Kesho, Mungu akipenda." Akamwita wa pili. Akauliza, akajibiwa, akaweka kiganja juu ya kamba na kusikiliza. Ilikuwa imetulia. Akaanza kuilegeza, kidogo kidogo, midomo yake ikimtaja Mola, mpaka ile nguo nyeupe ikazama machoni pa watu, na alipokuwa anaishika kamba ile mikono yake haikutikisika hata kidogo.

Maji yalifika bustanini kabla ya theluji. Watu wa Zira wakaishi Sarwan, wakazaa na kuzika hapo.

Ndugu zangu, wako kati yetu leo ambao ardhi au mafuriko yamewanyang'anya kazi zao, na ni jambo jema kuwazungukia sokoni na kikapu. Tukiwapata wenye kuwaajiri, tumshukuru Mungu. Lakini kabla ya kumwahidi mtu mikono ya nduguye, na tukae naye kidogo barazani, tumuulize na moyo wake, na tuwe na subira ya kuupokea ukweli atakaotujibu. Ya Allah, mrehemu Durra binti Salti, mrehemu Farkadi aliyevuta mpaka mwisho, na utujaalie sisi sote mtu wa kutushikia kamba.